"Bakteria +++": karatasi ya maabara inasema nini hasa kuhusu tumbo lako

Mama mdogo wangu wa Uyole alikunja karatasi mara nne na kuifunga kwenye pindo la kanga, kama mtu aliyepewa hati ya mashtaka. Alikuwa ametoka zahanati baada ya siku tatu za tumbo kujaa gesi. Mbele ya neno "choo" mtu wa maabara alikuwa ameandika "bakteria +++". Dirisha la dawa wakampa za aina tatu. Kituoni, akisubiri daladala, mama mmoja akamshauri aongeze na ya nne, ya mizizi, ya kusafisha tumbo, maana "hao wasipokufa wote watazaana upya".

Jioni akanipigia. "Mwanangu, hao wadudu wameingiaje, na mimi maji nachemsha?"

Hawakuingia. Walikuwemo tangu siku zake za kwanza za kuzaliwa. Ungepima choo cha kila mtu aliyepanda daladala ile, dereva na konda wakiwemo, ungeandika alama za kujumlisha mpaka wino uishe. Karatasi ile haikudanganya. Ilijibu swali ambalo halikuwa na haja ya kuulizwa.

Nimekuwa nikisikia mkanganyiko huu Mbeya, Tukuyu, Iringa, kila niendako: mtu "ana bakteria", mtu "ana taifodi sugu", mtu "kabadilisha maji". Basi tuufungue taratibu, tukisaidiwa na kazi ya mtu mmoja, mtafiti wa bakteria Mmarekani Stanley Falkow, aliyetumia maisha yake kuuliza kwa nini bakteria wengine wa tumboni wanaua na wengine, ndugu zao kabisa, wanakaa kimya.

Tuanze na neno "wadudu". Ni neno linaloponza. Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini akisikia wadudu anawaza viwavijeshi kwenye mahindi na bomba la dawa mgongoni. Lakini ndani ya neno hilo tumerundika vitu visivyofanana. Minyoo ni minyoo, unaweza kuiona kwa macho. Amiba ni kimelea cha seli moja. Virusi ni kidogo kuliko vyote, na hakiwezi kuzaliana bila kuingia ndani ya seli ya kiumbe kingine. Bakteria ni kiumbe hai cha seli moja, kinachojitegemea, kinachokula na kujigawa chenyewe. Dawa inayoua kimoja si lazima imguse mwingine. Flagyl, kwa mfano, ambayo wengi wetu tunaimeza tumbo likikoroma tu, inaua amiba, giardia (kimelea kingine cha seli moja) na bakteria wasiopenda hewa. E. koli, bakteria wa tumboni tutakayemkuta hapo chini, haimsumbui. Wala virusi, ambao ndio husababisha kuhara kwingi kwa watoto wadogo.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema mtu mzima amebeba bakteria wapatao trilioni 38, dhidi ya seli zake mwenyewe zipatazo trilioni 30. Karibu wote wako kwenye utumbo mpana. Fikiria soko la Mwanjelwa siku ya Jumamosi. Kila kizimba kina mwenyewe, kila njia imejaa. Mgeni anayekuja na nia mbaya hapati pa kutandika, na chakula cha kuokota kimeshaokotwa. Wenye vizimba wana kazi pia: wanavunja mabaki ya maharage na mboga ambayo utumbo wetu haukuyaweza, na wanatengeneza vitamini K. Gesi ya maharage ya Mbeya ni moshi wa jiko lao.

Mmoja wa wakazi hao ndiye E. koli. Daktari wa watoto, Theodor Escherich, alimwona kwenye choo cha watoto wachanga huko München, Ujerumani, na kumwelezea mwaka 1885. Jina la bakteria huyo limetokana na lake. Ni mkazi mdogo tu, hafiki asilimia moja ya umma ule. Lakini ni huyuhuyu anayetajwa kwenye kuhara, kwenye UTI, kwenye homa za watoto wachanga. Hapo ndipo watu wanapopotea, na hata wanasayansi walipotea kwa muda mrefu.

Mwishoni mwa karne ya 19 Robert Koch (Mjerumani huyuhuyu aliyefika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria na tauni) aliweka kanuni za kumtambua kijidudu mkosaji. Kwa kifupi: mkute kwa kila mgonjwa, asionekane kwa wazima, mtenge, mwoteshe, mpandikize kwa mnyama mzima augue, kisha umkute tena. Kwa kifua kikuu kanuni hizo zilifanya kazi nzuri. Kwa tumbo zikakwama. E. koli yuko kwa mgonjwa na yuko kwa mzima. Kuna mpinzani wa Koch, Max von Pettenkofer, ambaye mwaka 1892 alikunywa mchuzi wa bakteria wa kipindupindu mbele ya mashahidi ili kuonyesha kuwa kijidudu peke yake hakitoshi. Aliharisha kidogo, akapona, akajiona ameshinda. Hakuwa ameshinda, kipindupindu kiliendelea kuua. Ila alikuwa amegusa kitu: kuwepo kwa bakteria si ugonjwa bado.

Stanley Falkow alizaliwa Albany, New York, mwaka 1934. Sifa zake ni ndefu, lakini mimi huanza na kisa kimoja ambacho yeye mwenyewe alikisimulia uzeeni. Mwaka 1957, akiwa kijana wa maabara katika hospitali moja ya Marekani, wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji walipewa antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, za kuzuia maambukizi. Wengi waliishia na tumbo kuvurugika na kuharisha. Soko lilikuwa limefagiliwa, vizimba vimebaki vitupu. Daktari mmoja akapata wazo: wagonjwa walete choo chao kabla ya kuanza dawa, Falkow akiweke kwenye kapsuli, na baada ya upasuaji baadhi yao wapewe kumeza. Wakazi wa zamani warudishiwe vizimba vyao. Mkuu wa hospitali alipogundua akamuuliza Falkow kama ni kweli anawalisha wagonjwa mavi. Falkow hakukana. Akafukuzwa kazi palepale, na siku mbili baadaye akarudishwa.

Ukicheka, cheka. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la kuwapandikizia wagonjwa choo cha watu wenye afya ili kutibu kuhara kubaya kunakofuata antibiotiki, na tiba hiyo ikaishinda dawa ya kawaida. Leo inakubalika katika hospitali nyingi duniani.

Falkow akaendelea na shule, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1961, akafanya kazi taasisi ya jeshi ya Walter Reed, vyuo vikuu vya Georgetown na Seattle, na kuanzia 1981 Chuo Kikuu cha Stanford. Jambo la kwanza lililomshika lilikuwa usugu wa dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wajapani walikuwa wamegundua jambo la ajabu: bakteria wa kuhara damu waliokuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa mpigo, na usugu huo ukihamia kwa bakteria wengine wasio watoto wao. Unahamaje?

Hapa ndipo inapobidi tujue neno plasmidi. Bakteria ana maelekezo yake makuu ya kuishi, yaani jeni zake, kwenye uzi mmoja mrefu. Pembeni anaweza kuwa na kiduara kidogo cha jeni za ziada. Hicho ndicho plasmidi. Chukua vijana wawili kwenye kiti cha nyuma cha basi la Tukuyu, wanarushiana nyimbo kwa bluetooth. Simu ni tofauti, hata kampuni ni tofauti, lakini wimbo unapita, na aliyetuma anabaki na wake. Bakteria hufanya hivyo kwa plasmidi. E. koli mpole akikaa jirani na mwenzake mwenye "wimbo" wa kushinda dawa, ataunakili, na kesho atamrushia mgeni wa kuhara damu apitaye. Falkow alikuwa miongoni mwa watu walioonyesha kwamba viduara hivi ni vitu halisi vya kupimika maabara.

Ndiyo maana vidonge viwili vya antibiotiki vya "kujaribu" havijaribu kitu. Vinawanyamazisha wasio na wimbo na kuwaachia basi zima wenye nao. Na ndiyo maana Falkow alikuwa mmoja wa walioonya mapema kuhusu antibiotiki kwenye chakula cha mifugo. Nalisema hili nikijua nasemea nani: Mbeya na Iringa kuna mabanda mengi ya kuku ambamo OTC, antibiotiki ya mifugo, inatiwa kwenye maji ya kunywa kila wiki, kuku mzima na mgonjwa pamoja, na mayai yanaenda sokoni siku hiyohiyo. Mama mdogo naye ana kuku mia mbili. Tuliongea juu ya hilo kwa sauti ya chini.

Kutoka usugu, Falkow akahamia kwenye sumu. Kama plasmidi inabeba usugu, inabeba nini kingine? Miaka ya 1970 maabara yake ilikuwa na E. koli waliowaharisha watu na kuwaharisha nguruwe wachanga, na jeni ya sumu ikakutwa palepale kwenye plasmidi. E. koli aliyerushiwa kiduara kile anakuwa mharishaji.

Sasa turudi kwetu. Mwanafunzi anatoka Mtwara kuja chuo Mbeya, wiki ya kwanza anaharisha. Wenyeji wanasema "kabadilisha maji", kana kwamba maji ya mlimani ni mazito. Maji ni maji. Kinachobadilika mara nyingi ni E. koli wenye sumu wa mji ule, ambao wenyeji waliugua nao utotoni na miili yao inawakumbuka, na mgeni hajawahi kukutana nao. Mwenyeji wa Mbeya akienda Mtwara yanaweza kumkuta yaleyale.

Sumu hiyo ina undugu wa karibu na sumu ya kipindupindu, ambayo Shambhu Nath De aliithibitisha Kolkata, India, mwaka 1959. Haimeng'enyi utumbo, haitoboi. Inafungua koki na kuvunja mpini. Seli za utumbo zinamwaga maji na chumvi bila amri ya kufunga. Kinachoua ni kukauka. Lakini kuna mlango mwingine kwenye ukuta wa utumbo ambao sumu hii haiugusi: mlango unaopitisha chumvi na sukari zikiwa pamoja, na maji yanafuata nyuma yake. Hiyo ndiyo siri yote ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Usipopata pakiti, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazisha si vya kujaza lundo. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Kwa Kyela na vijiji vya kando ya Ziwa Nyasa, ambako kipindupindu kimepiga hodi zaidi ya mara moja, elimu hii ni ya kuokoa maisha.

Mwaka 1985 Falkow na Ralph Isberg walifanya jambo ambalo mimi naona ndilo kiini cha kazi yake. Walichukua jeni moja kutoka kwa Yersinia, jamaa wa bakteria wa tauni mwenye uwezo wa kupenya ndani ya seli, wakaiweka kwa E. koli wa maabara asiye na madhara, ambaye tangu zamani alikuwa akielea tu nje ya seli. E. koli yule akaanza kuingia. Jeni moja! Kama kumpa mtu mpole ufunguo wa nyumba ya jirani.

Miaka mitatu baadaye, 1988, Falkow akaziandika upya kanuni za Koch. Badala ya kumuuliza bakteria "wewe ni nani?", uliza "umebeba nini?" Fundi wa pikipiki pale Kabwe anazijua kanuni hizi bila kusoma Stanford. Pikipiki inakohoa, anashuku plagi. Anaangalia pikipiki zote zinazokohoa kama zina plagi ya namna ile. Anaitoa, kukohoa kunakoma. Anairudisha, inakohoa tena. Sasa ana hakika. Falkow alisema jeni nayo ithibitishwe hivyo: ionekane kwa bakteria waharibifu, ukiizima ugonjwa upungue, ukiirudisha ugonjwa urudi.

Mwaka 2011 Ujerumani ilipata somo hili kwa uchungu. Watu karibu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafa, wengi wakiharisha damu na wengine figo zikigoma. Mkosaji alikuwa E. koli, na chanzo kilielekea kwenye machipukizi ya mbegu za uwatu yaliyoliwa mabichi kwenye saladi. Bakteria yule alikuwa amepata jeni ya sumu ambayo jamaa zake wa kawaida hawana, ameletewa na virusi vinavyoshambulia bakteria. Jina kwenye karatasi lingesomeka E. koli, sawa na wa kwako na wangu.

Silaha si kila kitu, mahali nako ni jambo. E. koli wa utumboni akisafiri sentimita chache akafika kwenye kibofu, amekwenda kusiko kwake, na hiyo ndiyo UTI nyingi tunazozisikia, hasa kwa kina mama, kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi. Ndiyo sababu bakteria kwenye mkojo uliochukuliwa vizuri wana maana, hasa mtu akiwa na dalili, na neno "bakteria" tupu kwenye choo halina. Nasema uliochukuliwa vizuri kwa sababu kikopo kilichoguswa guswa kitaonyesha bakteria wa vidoleni.

Taifodi nayo? Huyu ni mwingine kabisa, Salmonella Typhi, na yeye si mkazi. Anaishi kwa binadamu tu, hana mnyama wa kumfuga. Anafanya safari ndefu: anapenya ukuta wa utumbo mwembamba, anajificha ndani ya seli za ulinzi zilizotumwa kumla, anasambaa na damu. Dalili kuu ni homa inayopanda siku hadi siku, wala kuharisha si lazima. Wachache wakipona hubaki naye kwenye kibofu cha nyongo wakiwa wazima kabisa. Mpishi Mary Mallon wa New York aligunduliwa hivyo mwaka 1907, akiwa ameacha wagonjwa kwenye nyumba alizopikia.

Lakini wengi wanaoambiwa mtaani kwamba wana taifodi wamepimwa kwa Widal, kipimo cha mwaka 1896. Widal hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani nyayo za askari wa mwili. Ni sawa na kuulizia kama polisi wamewahi kupita mtaa huu. Ndiyo, wamepita, lakini huenda ilikuwa mwaka juzi, au walikuwa wakimfukuza mwizi mwingine anayefanana naye. Mtu aliyekulia mahali penye salmonela wengi anaweza kupata majibu ya "1:80", yaani nyayo zimeonekana, miaka nenda rudi akiwa mzima. Hapo ndipo "taifodi sugu" inapozaliwa: kila akipima nyayo zipo, kila zikionekana anapewa antibiotiki ya Cipro. Kipimo kinachomkamata bakteria mwenyewe ni kuotesha damu. Nacho hakijakamilika, hukosa karibu wagonjwa wanne kati ya kumi, na kinachukua siku. Kwa hiyo daktari anayekuuliza maswali mengi kabla ya kuandika hapotezi muda wako.

Vidonda vya tumbo vina hadithi ileile. Karibu nusu ya watu duniani wamewahi kubeba H. pylori, bakteria anayeishi kwenye tumbo la chakula, na wengi wao hawapati vidonda. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walipata tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kuwa bakteria huyu husababisha vidonda, si pilipili wala mawazo peke yake. Ila baadhi ya aina zake zimebeba jeni za ukali zaidi, na kipimo cha haraka cha damu nacho kinasoma nyayo. Cha choo au cha pumzi ni bora.

Yapo mawili ya kwetu milimani siwezi kuyaacha. Watu husema baridi ya huku inaua vijidudu. Baridi inawapunguza mwendo tu, ndiyo maana nyama ya friji huharibika polepole lakini huharibika. La pili ni la kinyume: kwamba maji ya huku "hayaivi" kwa sababu ya mwinuko. Ni kweli Mbeya mjini, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, na maharage yanajua hilo. Lakini bakteria wa maji machafu wanaotuharisha hufa kabla ya kufika 94. Maji yakitokota sawasawa dakika moja yametosha, na kwa walio Makete au Kitulo, juu ya mita 2,000, waache dakika tatu. Maji yanayochemshwa kisha yakachotwa kwa kikombe kilichodumbukizwa na mkono mchafu, hayo ndiyo yanayotuharisha.

Mama mdogo alirudi kuonana na daktari, kituo kingine. Hana homa, hana damu kwenye choo, hajakonda. Akaulizwa amekula nini wiki ile. Alikuwa ameanza kuvuna maharage mapya na anakula mchana na usiku. Akaambiwa apunguze, na akiona homa au damu arudi mbio.

Juzi nilipita Uyole kumsalimia. Akanipa karanga za kukaanga za njiani, zimefungwa kwenye karatasi yenye mikunjo minne.